Nina hati ya shamba, benki wamenikatalia, mavuno ni gunia 7: nifanye nini?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Mbozi, mkoa wa Songwe. Tuna ekari 9 alizorithi mume wangu, na tumeshapata hati ya kimila yenye majina yetu wote wawili. Tunalima ekari 3 za mahindi na nusu ekari ya kahawa, zilizobaki zimelala kwa sababu hela hatuna. Mahindi tunapata gunia 7 kwa ekari, wakati kijana jirani yetu anapata hadi 20 kwenye ekari moja na nusu aliyonayo. Nilipeleka hati benki kuomba 2,000,000 ya mbolea, mbegu na vibarua, wakanirudisha. Kuna kampuni iko tayari kunipa 600,000 kwa marejesho ya kila wiki. Yule kijana anataka kukodi ekari 4 kwa miaka 3, na kwetu ekari ni 100,000 kwa msimu, ila wazee wa ukoo wanasema ukimwachia mtu shamba muda wote huo limekwenda. Wengine wanasema sisi ni wavivu tu. Sasa hati ina faida gani? Na nikope wapi?"*

Dada, ahsante kwa kuweka na hesabu, umenirahisishia kazi.

Nianze na hilo la uvivu, maana likishasemwa huwa halitoki kichwani. Gunia 7 kwako na gunia 20 kwa jirani, kijiji kimoja, mvua moja: tofauti kubwa namna hiyo mara nyingi haitokani na jembe. Inatokana na kalenda ya pesa. Kwenu mvua ni ya msimu mmoja. Mnapanda Novemba na Desemba, mnavuna kuanzia Mei na Juni. Pesa ya mahindi inaingia wakati kila mtu anauza, yaani wakati bei iko chini kabisa, kisha inakwenda kwenye ada, madeni na matibabu. Mvua zikirudi, mfuko mtupu. Hapo ndipo mtu ananunua mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, badala ya mitatu, na kizibo cha soda kilichotakiwa kumalizikia kwenye shimo moja kinagawiwa mashimo mawili, la tatu linapata harufu. Mbegu anazichambua kwenye mahindi ya mwaka jana. Siku nzuri za kupanda zinampita kwa sababu anakwenda kwanza kufanya kibarua kwa wengine apate hela ya unga, na shamba lake linapandwa la mwisho. Urea, mbolea ya kukuzia, inafika mahindi yakiwa kifuani badala ya magotini. Kila hatua hapo inakula gunia moja, mbili, tatu. Mwishoni watu wanahesabu magunia, na hakuna anayekumbuka ulipanda tarehe ngapi.

Jirani yako amebeba upande wa pili wa shida hiyo hiyo. Ana ujuzi na nguvu, ila ardhi hana. Ninyi mna ardhi, mtaji hamna. Kama mikopo ingekuwa inamfikia mkulima mdogo, wewe ungelima ekari zako zote vizuri. Kama kukodishana mashamba kungekuwa hakuna hofu, kijana angezilima yeye. Njia zote mbili zimeziba, ndiyo maana ekari 5 na nusu zinaota majani.

Hili si la Mbozi peke yake. Nchini Malawi, ambako sehemu kubwa ya mashamba hupatikana kwa kurithi au kugawiwa na machifu, wachumi walipima na kukuta kwamba ukubwa wa shamba la mtu hauendani kabisa na uhodari wake wa kulima. Mkulima hodari hapati shamba kubwa zaidi kwa sababu ya uhodari wake. Wakahesabu kwamba kuhamisha ardhi kuelekea mikono hiyo kungeongeza mavuno mno. Mimi hesabu hizo nazipokea kwa tahadhari. Douglas Gollin na Christopher Udry walichambua takwimu za mashamba ya Tanzania na Uganda mwaka 2021 wakaonyesha kwamba sehemu nzuri ya tofauti kati ya shamba na shamba ni makosa ya vipimo, na mikosi inayokuja katikati ya msimu ambayo hakuna mkulima angeiona mapema. Kwa hiyo hata gunia 20 za jirani, usizichukue kama msahafu. Muulize miaka mitatu iliyopita alipata ngapi kila mwaka. Na kumbuka kwamba mwenye ekari moja na nusu humaliza palizi yote kwa mikono ya nyumbani. Akiongezewa 4 atahitaji vibarua, na gunia zake kwa ekari huenda zikashuka.

Sasa benki. Watu wengi waliambiwa kwamba hati ndiyo mkopo: chukua karatasi, peleka, rudi na pesa. Wazo hilo lilivuma sana kupitia mchumi wa Peru, Hernando de Soto, na MKURABITA, mpango wetu wa kurasimisha mali za wanyonge ulioanza 2004, ulifuata mwelekeo huo. Lakini huko huko Peru, baada ya hati kugawiwa kwa wingi mijini, watafiti hawakuona benki binafsi zikiwakubalia watu mikopo zaidi kwa sababu ya hati.

Hati yako si bandia, na kisheria inaweza kuwekwa dhamana. Ila jiweke kwenye kiti cha afisa mikopo. Swali lake la kwanza ni: huyu mama akishindwa kulipa, shamba nitamuuzia nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha ardhi ya kijiji kunapita kwa halmashauri ya kijiji, na mnunuzi si mtu yeyote tu kutoka popote. Na hata sheria isingekuwepo, ni mwanakijiji gani atakayejitokeza kwenye mnada kununua shamba la jirani yake kisha waendelee kukutana kisimani? Swali la pili ni gharama. Kufungua faili, kuja kukagua shamba, kusajili dhamana, kufuatilia: kazi hiyo kwa mkopo wa 2,000,000 ni ile ile kama ya mkopo wa 50,000,000, na riba ya mkopo mdogo haiwezi kuifidia. La tatu ndilo zito zaidi. Mvua ikikatika Februari haikatiki kwako tu. Wakopaji wote wa tarafa nzima wanashindwa mwezi mmoja.

Utasema: basi wapandishe riba wanikopeshe. Hilo nalo halisaidii. Riba ikipanda sana, mkulima makini anajitoa mwenyewe, wanaobaki kwenye foleni ni wale wasio na nia ya kulipa au wanaocheza bahati nasibu. Benki inalijua hilo, kwa hiyo inachagua kukataa kuliko kupandisha. Ndiyo maana pia kushusha riba peke yake hakumalizi tatizo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza fungu la shilingi trilioni 1 kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na baadhi ya benki kubwa zikashuka hadi 9. Hatua nzuri, lakini wewe hukukwama kwenye riba. Ulikwama mlangoni kabla ya kufika kwenye riba.

Je, hati haina faida? Inayo, na pengine ni kubwa kuliko mkopo, ila iko mahali usipopatazamia. Udry huyo huyo na Markus Goldstein walichunguza wakulima wa Akwapim, Ghana, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Wasio na sauti katika ukoo, wengi wao wanawake, hawakuthubutu kupumzisha mashamba yao kwa muda unaotosha, kwa kuogopa kwamba shamba likilala litachukuliwa. Udongo ukachoka, mavuno yakashuka, hofu ikawa imekula chakula. Ethiopia, ambako hati za gharama nafuu zilianza kutolewa Tigray mwaka 1998, moja ya mambo yaliyoonekana baadaye ni kwamba kina mama wanaoongoza kaya walipata ujasiri wa kukodisha mashamba yao bila kuogopa kuyapoteza. Hapo ndipo hati inapokufaa wewe. Ina jina lako na ina mipaka. Huyo kijana hawezi kuamka siku moja akasema shamba ni lake.

Wazee wenu nao usiwadharau, hofu yao ina historia. Kule Bukoba, sheria ya mwaka 1965 iliwapa wapangaji wa nyarubanja (mfumo wa zamani wa ukabaila wa ardhi) ardhi waliyokuwa wakiilima, na wenye ardhi wakaikosa. Mimi naona ilikuwa haki, lakini mwenye shamba alijifunza somo lake. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa na mashamba yao wakagawiwa wengine, na kesi zake zimeburuzana miaka mingi. Hadi mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, ndipo Mahakama ya Rufani ilipotamka wazi kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake, akisikia "miaka 3", anasikia kitu kingine kabisa.

Ila leo mambo yamekaa tofauti. Kudai ardhi kwa kukaa muda mrefu kunahitaji miaka 12, tena ya kukaa bila ruhusa ya mwenyewe. Aliyeingia kwa mkataba wako ni mwalikwa, na mahakama zetu tangu zamani zimekuwa zikisema mwalikwa hamwondoi mwenyeji wake. Na wakumbusheni wazee upande wa pili: sheria hiyo hiyo ya vijiji inaruhusu ardhi isiyotumika kwa miaka isiyopungua 5 itangazwe kuwa imetelekezwa, isipokuwa kama imepumzishwa tu. Ekari zilizolala nazo zina hatari yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la "nikope wapi" ni kwamba kwa msimu huu usianze na kukopa. Mtaji wako wa kwanza uko kwenye hizo ekari 4. Kwa bei uliyotaja ni 400,000 kwa msimu, bila riba, bila dhamana. Tuseme mfuko wa mbolea unakufikia kwa 75,000 baada ya ruzuku na usafiri, wewe weka bei ya kwenu. Ekari 3 kwa mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea kila moja ni mifuko 6, yaani 450,000. Kodi inakaribia kuimaliza yote, na unabaki kutafuta mbegu na vibarua tu. Ulikuwa unaomba 2,000,000 ili ulime zaidi. Kwanza tazama ekari 3 zilizolishwa vizuri zinatoa nini.

Kodi ilipwe lini ni muhimu kuliko kodi ni shilingi ngapi. Mtake alipe kila msimu kabla ya mwisho wa Septemba, na mbolea uinunue wiki hiyo hiyo. Huko Busia, Kenya, majaribio yaliyofanywa na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson yalionyesha kwamba wakulima waliofuatwa mara tu baada ya mavuno wakauziwa mbolea mapema, pesa ikiwa bado mkononi, walitumia mbolea kwa wingi kuliko walioachiwa wangoje msimu wa kupanda. Shilingi inayolala ndani ya nyumba kuanzia Septemba hadi Novemba ina maadui wengi, na wengine ni ndugu.

Kuhusu muda, ningekushauri ukubali miaka 3. Mpangaji wa msimu mmoja anakamua udongo: haweki samadi, hatengenezi matuta, maana faida yake itamkuta ameshaondoka. Mpangaji wa miaka 3 ana sababu ya kulitunza. Lakini mkataba uandikwe. Utaje ukubwa, mipaka na majirani wa pande zote, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kiasi cha kodi na siku ya kuilipa. Wewe na mumeo mtie sahihi wote, kwa kuwa hati ni ya wote. Kipengele ambacho watu husahau na ndicho huzaa kesi: asipande mazao ya kudumu. Kahawa, parachichi na miti vipigwe marufuku kwa maandishi, kwa sababu madai mengi ya "shamba langu" huanzia kwenye mti. Mashahidi wawe mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na halmashauri ya kijiji iombwe idhini yake. Na mwite mmoja wa hao wazee wa ukoo awe shahidi. Mzee aliyetia sahihi hawezi kesho kuwa wa kwanza kupinga, na kijana naye atajua ukoo mzima unamwona.

Itawezekana kijana asiwe na 400,000 kwa mkupuo, naye hali yake ni kama yako. Pokea nusu Septemba na nusu baada ya mavuno. Akipendekeza mgawane mavuno, fikiri kidogo. Mgao una uzuri wake, mvua ikikatika mnaumia wote. Ubaya ni kwamba akinunua mbolea kwa hela yake yote halafu mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu, hatanunua ya kutosha. Mkiamua hivyo, gharama ya mbolea nayo igawanywe. Lakini mgao haukupi pesa Septemba, na Septemba ndiyo shida yako.

Ile 600,000 ya marejesho ya kila wiki iache. Mkopo wa namna hiyo, hizi tunazoziita kausha damu, umetengenezwa kwa mtu anayeuza kila siku, mwenye genge au mama lishe. Mahindi yanakaa shambani miezi mitano bila kutoa shilingi. Utalipa rejesho kwa kuuza kuku, kisha mbuzi, kisha mbolea yenyewe. Na kuuza mazao yakiwa bado shambani, kama butura ya kahawa kule Kagera au kangomba ya korosho kusini, ni mkopo pia, riba yake imejificha kwenye bei.

Pesa nyingine tafuta inayofuata kalenda ya shamba. Kama uko kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, waombe wenzako mvunje kikundi, yaani mgawane akiba, Oktoba badala ya Desemba. Badiliko hilo halina gharama, na gawio linakukuta dukani kwenye mbolea badala ya kwenye sikukuu. Nusu ekari yako ya kahawa nayo usiione ndogo. AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, inayokusanya kahawa yako inaweza kukupa pembejeo na kukata siku ya malipo, na hilo linatatua swali la yule afisa mikopo, kwa sababu mazao yanapita mikononi mwa chama kabla hayajafika kwako. Ni kupitia chama hicho pia ndipo benki za biashara zinapoweza kukufikia kwa udhamini wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Lakini uliza kwanza historia ya AMCOS yenu. Kama viongozi wamewahi kula pesa za wanachama, deni la chama ni mzigo wako pia.

Kuhusu kuhifadhi mahindi uuze bei ikipanda, ni wazo zuri lenye makucha. Magharibi mwa Kenya, eneo la Bungoma, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno ili wasiuze haraka walipata faida kwa kungoja. Lakini mwaka 2017 serikali yetu ilipozuia mahindi kuuzwa nje, bei ilianguka na walioweka stoo waliumia. Hifadhi sehemu, usihifadhi yote, na utumie mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo utakuwa unamfugia dumuzi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama kuna ndugu wa mumeo anayedai sehemu ya hizo ekari 9, usisaini mkataba wowote kabla hujafika kwa afisa ardhi wa wilaya na hati yako mkononi ili mipaka ihakikiwe. Mkikwama, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi, au mtafute msaidizi wa kisheria wilayani, huduma yake ni bure. Na kabla ya kununua hata mfuko mmoja, chukua udongo wa shamba lako ukapimwe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya. Afisa ugani wenu atakuonyesha namna ya kuuchota. Kama udongo una tindikali nyingi, sehemu kubwa ya DAP itafungwa humo humo ardhini mahindi yasiipate, na hela ya kodi ya mwaka wa kwanza ingefaa ianze na chokaa.